Mwenye Mshahara wa Serikali na Mwenye Kibarua: Nani Ataumia Tukipoteza?

SOMO LA VIKUNDI

Lengo la somo: Kusaidia kikundi kuamua vizuri juu ya pesa zake, hasa pale wanachama wengine wana kazi ya serikali, wengine wana kazi ya mtu binafsi au kampuni, na wengine hutegemea shamba tu.

Muda: Saa moja na nusu. Msomaji mmoja asome pole pole, akituama kila sehemu ili watu wazungumze.



Katika kuzungukia vikundi vyetu tumeona jambo moja likirudi tena na tena. Kikundi huanza vizuri, watu wanaweka akiba kila wiki, pesa zinafika kiasi cha kuonekana, halafu siku ya kuamua zifanye nini, kikundi kinagawanyika. Wengine wanaitwa waoga. Wengine wanaitwa wenye tamaa. Mara nyingine kikundi huvunjika hapo hapo, na akiba ya miaka mitatu inagawanywa na kuliwa kwa wiki moja.

Somo la leo ni juu ya siku hiyo ya kuamua.

1. KISA CHA KUANZIA

Mwezi wa Novemba 2019 tulikaa na kikundi kimoja cha upande wa Nyamira. Kilikuwa na wanachama 24. Ndani yake kulikuwa na walimu wa serikali, walimu wa shule za kibinafsi, mama mmoja wa hotelini, na wengine ni wakulima wa majani chai na ndizi. Akiba yao ilikuwa shilingi 180,000.

Wazo lililoletwa lilikuwa zuri. Wanunue tenti mbili na viti 200 vya plastiki, wawe wakikodisha kwa harusi, matanga na harambee. Tenti mbili zilikuwa 140,000. Viti 200 vilikuwa 120,000. Jumla 260,000. Basi walihitaji kukopa 80,000, na wanachama wadhaminiane.

Mwalimu mmoja wa serikali alisimama akasema, "Asiyethubutu hapati kitu. Huu mkopo ni mdogo. Miezi michache tu tumeumaliza."

Mwalimu mwingine, mama wa shule ya kibinafsi, akajibu akiwa ameketi: "Mwalimu, wewe hata mvua ya mawe ikinyesha mwezi mzima, tarehe ikifika simu yako inalia, mshahara umeingia. Mimi shule ikifungwa, hata sukari sina. Usiniambie ni mdogo."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikudumu. Kila mtu alijua amesema kweli.

Tuamue nini? Tutarudi kwa kikundi hiki baadaye. Kwanza tuelewe kwa nini hawa walimu wawili, ambao wote hushika chaki na kufundisha hesabu ile ile, waliona kitu kimoja kwa macho mawili.

(Tuameni hapa. Ulizaneni: Wewe ungesimama upande gani? Kwa nini?)

2. WATAALAMU WALIONA NINI

Watu wengi husema kwamba mtu wa serikali ni mwoga, na mtu wa biashara au kampuni ni jasiri. Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1981 wachumi wawili wa Marekani, Don Bellante na Albert Link, walilinganisha wafanyakazi wa serikali na wale wa kampuni za watu binafsi. Waliangalia mambo ya kawaida ya maisha, kama kufunga mkanda ndani ya gari na kuwa na bima. Waliona kwamba wale wanaopenda kujikinga na hatari ndio huelekea zaidi kazi ya serikali. Wengine waliofuata wameona hivyo hivyo katika nchi nyingine.

Sisi hapa hatuhitaji kwenda Marekani kujua hilo. Mzazi gani wa Ugusii hajamwambia mtoto wake, "Tafuta kazi ya serikali, hata kama mshahara ni kidogo, utalala usingizi"? Tunajua kazi ya serikali huwa na pensheni na huduma ya matibabu, na mtu hafukuzwi ovyo.

Wataalamu wengine wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliandika mwaka 1979 juu ya namna binadamu anavyopima faida na hasara. Walionyesha kwamba kupoteza kunauma kuliko kupata kunavyofurahisha. Baadaye wakakadiria uchungu huo kuwa karibu mara mbili. Ukipoteza shilingi 1,000 sokoni Keroka, utaikumbuka siku nyingi kuliko 1,000 uliyookota.

Waliona pia jambo la pili, na hili ni la hatari zaidi. Mtu ambaye tayari anaona amepoteza huacha woga wake. Huanza kujaribu jambo kubwa zaidi ili arudishe kilichopotea. Ndiyo sababu kijana aliyeliwa 200 katika kamari ya simu huweka 500, akiliwa 500 huweka 1,000.

Kwa hiyo tusiseme, "Fulani ni mwoga kwa asili" au "Fulani ni jasiri kwa asili." Mara nyingi woga na ujasiri hutoka mahali mtu anaposimama. Aliye juu ya mwamba na aliye juu ya utelezi hawawezi kuruka sawa.

3. TULIYOYAONA SISI WENYEWE

Mwaka 1994. Serikali ya Kenya ilikuwa imeanzisha mpango wa kupunguza watumishi wake. Wale wa ngazi za chini waliambiwa wanaweza kuondoka mapema kwa hiari na kupewa malipo ya mkupuo. Katika miaka michache watumishi zaidi ya 40,000 waliondoka.

Mmoja wetu tunaoandika ukurasa huu alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi wakati baba yake, karani katika ofisi moja ya serikali, alirudi nyumbani na hizo pesa. Alikuwa mtu wa kuhesabu senti. Kwa miaka 19 ya kazi hakuwahi kukopa hata kwa jirani. Lakini ndani ya mwezi mmoja alinunua pikapu kuukuu ya kubeba ndizi kwenda mjini. Hakuwa anajua gari. Hakuwa anajua ndizi. Hakuuliza mtu. Mama aliuliza swali moja tu: "Na ada ya watoto?" Akajibiwa kwamba gari litalipa.

Mwaka wa pili pikapu ilisimama juu ya mawe nyuma ya nyumba, magurudumu yameuzwa. Kuku walikuwa wakitagia ndani. Dada mkubwa aliacha shule akiwa kidato cha pili.

Tumefikiri sana juu ya mzee huyu, na hatumcheki. Kazi ilimlinda miaka 19, lakini haikumfundisha kupima hatari. Hakuwa amewahi kupoteza kidogo, kwa hiyo alipoteza kubwa mara ya kwanza. Tena wakati ule ulikuwa mgumu. Mwaka 1993 bei za vitu nchini zilikuwa zimepanda kwa karibu asilimia 46, na kila mwenye pesa mkononi aliziona zikiyeyuka. Haraka yake ilikuwa na sababu. Lakini haraka ilibaki kuwa haraka. Ndiyo maana wazee wa Kiswahili walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Somo la pili la historia hii ni kwamba hata kazi ya serikali ina mwisho. Mwaka 2000 ilikuja awamu nyingine ya kupunguza watumishi, na hiyo haikuwa ya hiari.

Mwaka 2020. Mwezi wa Machi shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona. Walimu walioajiriwa na Tume ya TSC waliendelea kupata mshahara kila mwezi. Walimu wengi wa shule za kibinafsi, pamoja na wale walioajiriwa na bodi za shule, walikaa bila malipo. Madarasa machache yalirudi Oktoba, na shule zote zikafunguliwa Januari 2021. Ni miezi tisa. Hapa kwetu tuliona walimu wakiuza ndizi kando ya barabara, wengine wakichuma majani chai ya jirani kwa kilo. Hawakuwa wamekosa bidii wala akili. Tofauti ilikuwa mwajiri.

(Tuameni hapa. Ulizaneni: Katika kikundi chetu, nani alipoteza mapato mwaka 2020? Tulimsaidia namna gani?)

4. MITEGO YA KILA UPANDE

Mtego wa mtu wa serikali ni kujiona salama kabisa. Kwa kuwa mshahara unakuja, anakopa juu yake. Sacco kwanza, halafu benki, halafu simu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, yaani mfanyakazi abaki na theluthi moja. Lakini mikopo ya simu na ya maduka haionekani katika karatasi ya mshahara. Tumekutana na watu wenye kazi nzuri ambao mwisho wa mwezi wanabaki na nauli tu. Mtu kama huyo anaonekana amesimama juu ya mwamba, kumbe mwamba wenyewe ameuweka rehani.

Mtego wa mtu wa kampuni au kibarua ni wa namna mbili. Wa kwanza ni kuogopa kila kitu, hata jambo dogo lenye faida, na pesa zinakaa chini ya godoro zikipungua nguvu. Wa pili ni kutafuta njia ya mkato kwa sababu hana pensheni ya kumngoja. Miaka mingi mchango wake wa NSSF ulikuwa shilingi 200 kwa mwezi, na mwajiri 200. Umeongezwa tangu Februari 2023, lakini yule wa kibarua cha siku mara nyingi hata haandikishwi. Basi akisikia pesa zitazaa mara tatu kwa miezi miwili, moyo unaruka.

Mtego wa pande zote mbili ni mchezo wa piramidi. Miaka ya 2006 na 2007 michezo hii ilienea Kenya nzima. Kamati iliyoundwa na serikali kuchunguza iliona kwamba watu zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Hao walikuwa walimu, polisi, wauza mboga, vikundi vya akina mama na hata watu wa makanisa. Mwoga aliingia kwa sababu aliona rafiki yake amelipwa. Jasiri aliingia kwa sababu ni jasiri. Hakuna aliyeuliza faida inatoka wapi.

Na udhamini. Ukiweka sahihi kumdhamini mwenzako katika Sacco, akishindwa kulipa, akiba yako ndiyo itakatwa. Wengi huweka sahihi kwa aibu, kwa sababu ni shemeji au ni jirani. Kuweka sahihi ni sawa na kukopa wewe mwenyewe. Usiweke sahihi juu ya kiasi ambacho huwezi kukilipa.

5. MASWALI MATANO KABLA YA KUAMUA

Egesangio ya wazee wetu, ile ya kulimiana kwa zamu, ilisimama kwa sababu kila mmoja alijua jembe la mwenzake na nguvu za mwenzake. Nasi tujuane hivyo kabla ya kugusa pesa. Katika Injili ya Luka sura ya 14 Yesu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Kuketi ni pamoja na kuulizana haya:

Kwanza: Tukipoteza zote, nani atakosa chakula au ada? Huyo ndiye aongee wa kwanza. Si mwenyekiti, si mwenye elimu. Mwenye kuumia zaidi aongee kwanza, wengine wasikilize bila kumkatiza.

Pili: Faida inatoka wapi? Kila mwanachama aweze kueleza kwa maneno yake mwenyewe, hata yule ambaye hakusoma. Kama haelezeki, tusiweke pesa.

Tatu: Tunaweza kujaribu kidogo kwanza? Kuku 20 kabla ya 200. Viti kabla ya tenti. Kupoteza kidogo ni karo ya kujifunza. Kupoteza zote hakufundishi mtu, humvunja.

Nne: Tumebakisha nini? Theluthi moja ya akiba isiguswe. Hiyo ni ya ugonjwa, njaa na kazi kukatika. Ikae benki au katika Sacco iliyosajiliwa, si mfukoni mwa mweka hazina. Katika benki yenye leseni, akiba hadi shilingi 500,000 ina kinga ya sheria tangu mwaka 2020, benki ikifungwa.

Tano: Tunaweza kulala siku saba kabla ya kuamua? Jambo jema litangoja wiki moja. Anayesema "leo au basi" mara nyingi ana lake.

6. KIKUNDI KILE KILIAMUAJE

Mama mwenyekiti alimwomba yule mwalimu wa shule ya kibinafsi aongee kwanza, kisha mama wa hotelini. Walieleza kwamba hawapingi viti. Wanachoogopa ni ule mkopo. Mwalimu wa serikali alinyamaza kidogo, halafu akasema jambo lililotugusa: "Sikuwa nimefikiri kwamba mimi nabahatisha na chakula cha mwenzangu."

Waligawa 180,000 mara tatu. Shilingi 60,000 zilinunua viti 100. Shilingi 60,000 zikabaki za kukopeshana wenyewe. Shilingi 60,000 zikawekwa za dharura. Tenti wakaacha. Hawakukopa.

Walipiga hesabu hivi: kiti kimoja shilingi 10 kwa siku, viti 100 ni 1,000. Wakipata shughuli mbili kwa wiki, ni karibu 8,000 kwa mwezi. Kwa miezi minane viti vimejilipa.

Viti vilinunuliwa Januari 2020. Machi mikutano ikapigwa marufuku, mazishi yakawa ya watu wachache. Viti vikakaa stoo. Kama wangekopa ile 80,000, wangekuwa wakilipa deni la tenti zilizokunjwa.

Wanachama wanne walipoteza mapato: walimu watatu wa shule za kibinafsi na yule mama wa hotelini. Kikundi kiliwakopesha bila riba kutoka mfuko wa dharura, shilingi 3,000 kila mmoja kwa mwezi. Kuanzia Aprili hadi Agosti mfuko ukaisha. Watatu wamelipa zote. Mmoja bado analipa kidogo kidogo, na kikundi hakijamfukuza.

Sasa tuseme ukweli wote. Kama korona isingekuja, pengine mpango mkubwa wa tenti ungeleta faida zaidi, na yule mwalimu wa serikali angeonekana ndiye mwenye akili. Kwa hiyo tusipime uamuzi kwa matokeo peke yake. Mtu anaweza kuvuka barabara bila kuangalia akafika salama, lakini hatutamsifu. Uamuzi wa kikundi hiki ulikuwa mzuri kwa sababu walijua nani ataumia, na wakaamua kiasi ambacho huyo angeweza kubeba.

Na viti bado vipo. Shughuli ziliporudi, vilianza kutoka tena. Tenti moja ilinunuliwa baadaye, kwa pesa za viti.

7. MASWALI YA KUJADILI

Mgawanyike watu watano watano, mchanganye wa serikali, wa kampuni, wa shamba na wa biashara ndogo.

a) Katika kikundi chetu, nani ana mapato ya kila mwezi yasiyokatika, na nani hana? Je, kura zetu za mwisho ziliamuliwa na nani?

b) Mtaje uamuzi mmoja wa pesa mliofanya kwa haraka. Nani aliumia?

c) Mtaje jambo moja mliloogopa bure, mkakosa faida. Mngeweza kulijaribu kidogo namna gani?

d) Mwanachama akistaafu au kuachishwa kazi na kulipwa pesa nyingi kwa mara moja, kikundi kinaweza kumsaidia namna gani asirudie makosa ya yule karani wa pikapu?

Zoezi la nyumbani: Kila mwanachama akae na mume, mke au mtoto mkubwa. Waandike madeni yote, pamoja na ya simu na ya dukani, na kila mahali walipoweka sahihi ya udhamini. Wajumlishe. Halafu waulizane: Mshahara au kibarua kikikatika leo, tutakula miezi mingapi? Waje na hesabu hiyo kwa kikundi. Asiyetaka kuisoma mbele ya watu asilazimishwe, lakini aijue.

Tunawatakia mazungumzo mema. Mkikutana siku ya kuamua, mtafuteni yule anayenyamaza pembeni, mumpe nafasi ya kwanza. Mara nyingi yeye ndiye atakayelipa.